Zabuni za mapaa ya shule zitaje asbesto, na majina ya vibarua yaandikwe

Mhariri,

Likizo za shule zikifika, bodi nyingi za shule za umma huita mafundi kubadilisha mapaa yaliyochakaa. Hati ya zabuni huorodhesha kila kinachoingia: mabati mapya, mbao, misumari, gata, rangi. Kuhusu kinachotoka huwa na neno moja tu, "kuondoa", na mara nyingi halikuwekewa bei. Mkandarasi aliyepewa kazi isiyo na bei huimaliza kwa njia ya haraka, na njia ya haraka ya kuondoa bati la zamani la kijivu ni kulipiga nyundo na kuliacha lianguke. Katika majengo yaliyoezekwa kati ya miaka ya 1950 na 1980, bati hilo huenda ni la asbesto. Tunaziomba bodi za shule, serikali za kaunti na wenye nyumba za kupangisha mambo mawili: kazi ya kuondoa asbesto iwe na mstari wake na bei yake kwenye zabuni, na kila anayeigusa aandikwe jina. Hilo la pili laweza kuonekana dogo. Tutalirudia, maana ndilo linaloamua kama mjane atalipwa au atarudi nyumbani mikono mitupu miaka 30 baadaye.

Asbesto ni jina la jumla la madini sita yanayochanika kuwa nyuzi. Krisotili, inayoitwa nyeupe, ina nyuzi laini zilizojipinda. Nyingine tano, yaani amositi ya kahawia, krokidoliti ya bluu, tremoliti, anthofiliti na aktinoliti, zina nyuzi zilizonyooka kama sindano, na mapafu hukaa nazo muda mrefu zaidi. Majina hayo ya rangi yasimdanganye mtu. Ndani ya simenti rangi haionekani, na ni maabara yenye hadubini maalumu tu inayoweza kusema ni ipi. Mabati ya simenti kwa kawaida yana asilimia 10 hadi 15 ya asbesto, mara nyingi krisotili, na iliyobaki ni simenti. Vifuniko vya kuhifadhi joto kwenye mabomba ya mvuke na boila za viwanda vya zamani, na katika vyumba vya injini za meli, vilikuwa vibaya zaidi: vingi vilitengenezwa kwa ile ya kahawia au ya bluu, na hupukutika hata kwa kuguswa na mkono.

Wauzaji wa krisotili wamedai kwa miaka mingi kwamba nyeupe haina neno ikitumiwa kwa uangalifu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), limeziweka aina zote sita katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Dai la wauzaji hujiegemeza kwenye Mkataba wa Rotterdam, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya kemikali hatari, ambao unaziorodhesha zile tano lakini si krisotili. Kuorodhesha huhitaji nchi zote zikubaliane, na nchi chache zimekuwa zikipinga mkutano baada ya mkutano. Anayekuonyesha orodha hiyo kama cheti cha usalama anakuonyesha matokeo ya kura ya turufu.

Unyuzi unaodhuru una upana usiozidi mikromita 3, ilhali unywele wa mtu una takriban 70. Hauonekani, haunuki, hauwashi koo. Vumbi la mchanga au la simenti mtu hulikohoa akajua limemwingia, lakini hili humpita bila habari. Ukifika ndani kabisa ya mapafu, seli za ulinzi hujaribu kuumeza na kushindwa kwa sababu ni mrefu kuliko seli yenyewe. Seli hufa, uvimbe hubaki, na kovu hujengeka polepole. Kwa mtu aliyevuta vumbi jingi kwa miaka mingi, kovu hilo ni asbestosisi: pumzi inakatika akipanda ngazi, kisha akitembea tambarare, mwishowe akivaa viatu. Haina tiba ya kuiondoa. Mesothelioma ni saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, na haihitaji dozi kubwa hivyo. Imewapata wake waliokuwa wakikung'uta na kufua nguo za kazi za waume zao. Kuna pia saratani ya mapafu, ya zoloto na ya ovari. Anayevuta sigara na pia amevuta asbesto hatari yake ya saratani ya mapafu hupanda mara nyingi kuliko ya aliyepatwa na kimojawapo tu, kwa hiyo kwa aliyekwisha kuvuta vumbi hilo, kuacha sigara ndiyo hatua yenye faida kuliko zote alizobakiwa nazo. Kwa mesothelioma, sigara haibadilishi chochote.

Kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita miaka 10 hadi 50, na kwa mesothelioma mara nyingi 30 au 40. Hapo ndipo ugumu wote ulipo, wa kitabibu na wa kisheria.

Paa zima, lisilopasuka, lisilotobolewa, halimwagi nyuzi za kutisha chumbani. Wazazi wenye watoto chini ya mapaa hayo wasiingiwe na hofu usiku huu. Hata maji ya mvua yanayotekwa kutoka paa hilo si tatizo kubwa. WHO haijapata ushahidi thabiti kwamba asbesto iliyomezwa huleta saratani. Tope linalokusanyika kwenye gata ndilo la kuangalia, kwa sababu likizolewa na kuachwa likauke uani hugeuka vumbi. Hatari huja paa linapokerezwa, kutobolewa, kusuguliwa au kuvunjwa. Siku hizi watobozi wakubwa ni mafundi wa sola na wa dishi, wanaopanda na drili bila kuuliza paa ni la nini. Wengine huosha paa kwa mashine ya maji ya shinikizo au kulisugua kwa brashi ya waya kabla ya kupaka rangi, na kwa siku moja hutoa nyuzi ambazo paa lingezishika kwa miongo. Wenye gereji nao wasijitoe. Brekishuu na klachi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kupuliza vumbi la dramu kwa kompresa ni kulipeleka moja kwa moja puani. Dramu hufutwa kwa kitambaa kilicholowa, kisha kitambaa kinafungwa na kutupwa.

Kama fedha za kuondoa hazipo na paa bado ni zima, liacheni. Likihitaji rangi, ipakwe kwa brashi laini au rola bila kukwangua kuvu.

Kama ni lazima liondolewe, kazi huanza na kujua ni nini. Bati linaloshukiwa huchukuliwa kuwa ni asbesto hadi maabara iseme vinginevyo. Sampuli ya ukubwa wa sarafu hukatwa sehemu iliyokwisha kupasuka, baada ya kulowanishwa, ikatiwa kwenye mfuko ndani ya mfuko, na pengo lililobaki likapakwa rangi au kubandikwa utepe.

Kabla ya nyuzi kuna hatari inayoua siku hiyohiyo: bati la asbesto halibebi mtu. Likizeeka huwa kama kigae, na fundi aliyezoea mabati ya chuma hulikanyaga akapitiliza hadi sakafuni. Atembee juu ya mbao pana zilizolala juu ya angalau mbao tatu za paa, akiwa amefungwa mshipi wa usalama mahali imara, au afanye kazi kutoka chini kwa jukwaa. Bati moja la mita 2.4 huzidi kilo 25, kwa hiyo linashikwa na wawili.

Kulowanisha ndio moyo wa kazi yote. Maji matupu huteleza juu ya simenti ya zamani bila kupenya; tia mililita 30 za sabuni ya maji, yaani vijiko viwili vya mezani, katika lita 20. Pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani inafaa sana, mradi iwe mpya au haijawahi kutiwa sumu. Nyunyiza kwa ukungu mwepesi, juu na chini pia, maana upande wa chini ndiko vumbi la miaka 40 lililolala. Subiri maji yazame, kisha nyunyiza tena wakati wa kazi. Skurubu zenye ndoano zikatwe kwa mkasi wa chuma, au kwa msumeno wa mkono huku mwenzako akilowesha. Grainda isipande juu ya paa hilo hata mara moja. Bati literemshwe zima, mkono kwa mkono au kwa kamba, lilazwe juu ya polithini iliyotandikwa chini, na lifungwe tabaka mbili za polithini nene ya milimita 0.25, kingo zikibandikwa utepe na maandishi ya onyo yakiandikwa nje. Vipande viokotwe vikiwa vimelowa. Mbao za paa zifutwe kwa vitambaa vyenye maji. Ufagio mkavu ni marufuku, na mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani vilevile, kwa sababu huzipitisha zile nyuzi ndogo na kuzitawanya. Inayofaa ni ya viwandani yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini kabisa.

Barakoa za kitambaa na zile za hospitali za rangi ya samawati hazizuii kitu hapa. Inayotakiwa ni ya daraja la FFP3 au P100, yaani ya kuchuja vumbi laini kabisa, iliyoshika uso barabara, na mwenye ndevu haitamshika. Ovaroli iwe ya kutupa, yenye kofia. Wakati wa kutoka, mtu ajinyunyizie maji kwanza, avue ovaroli akiikunja ndani nje, aifunge kwenye mfuko, na barakoa iwe ya mwisho kutoka usoni. Wengi huivua kwanza kwa sababu ya joto, na hapo hujivutia vumbi lote lililokaa kwenye nguo zao wenyewe. Nguo ya kazi isiende nyumbani. Tumeshataja ni nani huugua baadaye.

Baada ya hapo mabati hayaendi dampo la mtaa, hayauzwi kwa mwenye banda la kuku, hayasagwi kujaza mashimo ya barabara, na hayachomwi, kwa kuwa hupasuka yakirusha vipande. Kanuni za Usimamizi wa Taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Anayesafirisha awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ya taka za aina hiyo na hati ya kufuatilia mzigo, na uzikwe katika eneo lililoidhinishwa. Kwa mwenye zabuni hii ina maana moja: malipo ya mwisho yasitoke kabla hajaiona hati iliyotiwa sahihi na aliyepokea mzigo.

Kwa aliyekwisha kuugua, kikwazo cha kwanza kiko kliniki. Nchini mwetu mtu mwenye kikohozi kisichoisha, anayekonda na mwenye maji kwenye utando wa mapafu hudhaniwa ana kifua kikuu, na kwa kawaida dhana hiyo ni ya haki. Lakini makohozi yakipimwa yakawa safi na dawa za miezi sita zisibadilishe kitu, daktari aambiwe waziwazi: nilifanya kazi kwenye paa, bandari, boila, breki, mwaka fulani hadi mwaka fulani. Asipoambiwa hataliuliza, na asipouliza halitaandikwa. Omba picha ya CT ya kifua na kipimo cha nguvu ya mapafu. Mesothelioma huthibitishwa kwa kipande cha nyama kilichopimwa maabara, na ripoti hiyo ndiyo uti wa mgongo wa madai yoyote. Iombwe nakala, na tarehe ya kutambuliwa ugonjwa kwa mara ya kwanza ihifadhiwe.

Mfanyakazi wa Kenya analindwa na Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ile tunayoiita WIBA. Inagusa magonjwa yatokanayo na kazi pia, na mkataba wa mdomo unatosha. Kibarua asikubali kuambiwa hana haki kwa sababu hakutia sahihi popote. Mwajiri anapaswa kuwa na bima. Ugonjwa huripotiwa kwa mwajiri kwa maandishi, kisha kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ana maafisa katika kaunti. Dirisha la kudai ni miezi 12, kwa hiyo anayepewa majibu ya daktari asikae nayo akisubiri apate nafuu. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96, na wa sehemu hupimwa kwa asilimia ya hayo. Akifa, wategemezi hudai. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi huweka pingamizi ndani ya siku 60, na akikataliwa hukata rufaa ndani ya siku 30 katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, njia ya kuanzia ni kwa Mkurugenzi. Wakili anayekimbilia kumshtaki mwajiri mahakamani moja kwa moja anapoteza miezi ambayo mgonjwa wa mesothelioma hana.

WIBA haimgusi mke aliyefua, mwanafunzi, jirani wala fundi aliyejiajiri. Hao hushtaki kwa uzembe, na saa yao ni nyingine: miaka 3 dhidi ya mtu au kampuni, na mahakama yaweza kuongeza muda ikiwa mambo ya msingi hayakujulikana mapema. Dhidi ya Serikali ni miezi 12, na hapa ikumbukwe kwamba shule, kambi na nyumba nyingi zenye mapaa haya ni za umma. Wazazi wanaotaka kuzuia ubomoaji holela kabla haujafanyika wana silaha nzuri zaidi. Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu yeyote kwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Asiyeweza kumudu wakili aulize Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria. Na dalali au wakili anayetaka mtie sahihi kwamba atalipwa fungu la fidia mkishinda, mkatalieni. Sheria ya Mawakili haiyatambui mapatano ya namna hiyo.

Wapo watakaosema kesi za namna hii hazishindwi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa shilingi bilioni 1.3 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi mwaka 2020, fidia hiyo ikafutwa katika Mahakama ya Rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Ila tofauti moja ni kubwa. Risasi hupimwa kwenye damu wakati kiwanda bado kinatoa moshi. Hakuna kipimo cha damu kitakachoonyesha leo kwamba kijana aliyevunja paa Jumanne amevuta asbesto. Ushahidi wake ni karatasi peke yake.

Mabaharia na wenzetu walioko ng'ambo wanalijua hili. Meli zilizojengwa kabla ya marufuku kamili ya asbesto mpya melini, ya Januari 2011, huenda bado zinayo, na kitabu cha ubaharia chenye majina ya meli na tarehe ni ushahidi usiopatikana pengine. Aliyefanya kazi Uingereza akapatwa na mesothelioma, na mwajiri au bima yake haipatikani tena, anaweza kuomba katika mpango wa malipo ulioanzishwa mwaka 2014, ndani ya miaka 3 tangu ugonjwa utambuliwe. Marekani ina mifuko ya fidia iliyoachwa na kampuni zilizofilisika, na kila mmoja huuliza swali lilelile: ulifanya kazi wapi, lini, na bidhaa gani?

Kwa hiyo daftari. Kila mradi wa kuondoa asbesto uwe na ukurasa wenye jina kamili na nambari ya kitambulisho cha kila kibarua, tarehe na saa alizofanya kazi, jengo na ukubwa wa paa kwa mita za mraba, majibu ya maabara, aina ya barakoa aliyopewa, jina la mkandarasi na nambari ya bima yake, pamoja na nakala ya hati ya kupokea mzigo. Uingereza inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za afya za wafanyakazi wa asbesto miaka 40. Bodi ya shule yaweza kufanya vivyo hivyo kwa faili moja kabatini. Nakala ya pili apewe kibarua mwenyewe siku anayolipwa, kwa sababu kampuni za ukandarasi hufungwa na makabati ya ofisi huhamishwa.

Maafisa wa usalama kazini,
Mombasa